Maneno Kumi na Matano

Jumapili, 1 Machi

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu yeyote: shuleni nilisema kaka yangu anasoma chuo ng'ambo. Nilisema hivyo nikiwa kidato cha kwanza, siku tuliyotakiwa kusimama mbele ya darasa na kueleza habari za familia zetu. Naogopa kusimama mbele ya watu, kwa hiyo nilisema lililonijia mdomoni kwanza ili niketi upesi. Sasa niko kidato cha tatu na bado anasoma. Amekwisha kuhitimu mara moja na ameanza shahada ya pili.

Ukweli ni kwamba Kaka yuko hapa nyumbani, chumba cha pili kutoka changu. Ana miaka ishirini na minne. Alikuwa fundi wa kujalidi vitabu mpaka sauti zilipomjia, na daktari akazipa jina: skizofrenia. Yeye huzisikia zikitoka kwenye bomba la maji, zikimtukana na kumpa amri, na ndiyo maana jikoni sisi hufungua maji taratibu kama wezi. Dawa ya kwanza ilishindwa, ya pili ikashindwa. Ya tatu, ile inayotaka damu ipimwe mara kwa mara, imezipunguza ukali lakini haijazinyamazisha.

Ijumaa Daktari alituita. Anataka kuongeza tiba ya umeme juu ya ile dawa ya tatu. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, umeme kidogo hupitishwa kichwani kwa sekunde chache, anaamka. Mara mbili kwa wiki. Mjomba, aliyekuja kutusindikiza, aliuliza kama anayemshika mkono naye atapigwa shoti. Daktari akacheka, akasema hapana, kisha akaacha kucheka na kutueleza habari ya kumbukumbu. Tiba hii husahaulisha. Kwa wengi hali hiyo huisha wiki chache baada ya tiba kumalizika. Kwa wengine vipande fulani havirudi tena. Lakini ugonjwa wenyewe pia unakula kumbukumbu, na wako ambao hukumbuka vizuri zaidi baada ya tiba kwa sababu kelele zimepungua.

"Ndiyo maana tutampima kila Ijumaa," alisema. "Bila kipimo sitajua nani amechukua nini."

Maneno hayo niliyaandika nyuma ya daftari la kemia. Mama alitia sahihi. Kaka naye alitia. Sote tulikuwa tunamtazama Daktari, na sidhani kama kuna aliyemwangalia Kaka alipokuwa anaandika.

Ijumaa, 6 Machi

Shule yetu ina zamu mbili na sisi tunaingia saa saba mchana. Mama huwa kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, tangu asubuhi sana. Kwa hiyo msindikizaji ni mimi. Na hata kama nisingekuwa mimi, Kaka hakubali kuketi mbele ya mgeni bila mimi kuwepo.

Anayempima ni muuguzi mmoja mrefu, mkavu, asiyeacha kutazama saa yake ya mkononi. Nimempa jina la Sista Saa. Alimsomea Kaka maneno kumi na matano, polepole, kwa sauti isiyopanda wala kushuka: kikapu, nyundo, chumvi, shangazi, dirisha, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kaka akayarudia aliyoweza. Kisha akaambiwa ahesabu kurudi nyuma, akaunganisha namba kwa kalamu, na dakika ishirini zilipotimia Sista akamwomba ayataje tena bila kusomewa. Kaka alitaja matano. Mojawapo halikuwemo kwenye orodha.

Mimi niliyakumbuka yote kumi na matano. Hakuna aliyeniuliza.

Alipotolewa kwenye tiba alikuwa na alama mbili za unyevu kwenye paji la uso. Aliniuliza tutaingia saa ngapi. Nikamwambia tumeshatoka.

Jumanne, 10 Machi

Tiba ya pili. Kichwa kinamuuma. Mvua bado.

Ijumaa, 13 Machi

Maneno mapya leo: daraja, limau, farasi, birika, kamba. Kaka amepata matano tena. Mvua imeanza tukiwa njiani kurudi, na kwa kuwa mwavuli ni mmoja alinipa mimi, akasema vitabu vilowe vyote ila si Profesa. Hakuwa ameniita Profesa kwa mwaka mzima na zaidi.

Jumanne, 17 Machi

Umeme umekatika hospitali na jenereta imegoma. Tumerudishwa nyumbani. Kaka alikuwa hajala tangu jana kama walivyomwagiza, akasema alikuwa hajui kwamba hata shoti nayo ina mgao. Alisema kwa uso mkavu kabisa. Mama alipohadithiwa jioni alicheka mpaka akaketi chini.

Alhamisi, 19 Machi

Nimemwona Kaka jikoni. Alifungua bomba mpaka mwisho, akanawa mikono, akafunga. Ni hayo tu. Nilisimama mlangoni na kikombe changu mpaka chai ikapoa.

Ijumaa, 20 Machi

Maneno ya leo yalikuwa yale yale ya wiki ya kwanza, kikapu na nyundo. Kumbe orodha ni mbili tu na zinabadilishana. Mimi nimeligundua hilo, Kaka hakuligundua. Alitaja matatu. Alipoulizwa mwezi alisema Januari.

Sista Saa akaandika, akaenda kumwita Daktari. Daktari akaongea na Mama kwa simu mbele yetu. Alisema kumbukumbu imeshuka, kwamba huenda ni umeme na huenda si umeme, lakini Ijumaa ijayo ikiwa chini tena atasimamisha tiba kwanza watazame. Mama aliuliza je, sauti. Daktari akasema sauti zinaweza kurudi.

Njia nzima nilikuwa nahesabu: siku chache za bomba kuwa bomba, au miaka miwili na nusu ya vile tulivyokuwa.

Jumapili, 22 Machi

Mvua kutwa. Kaka alikuja kukaa kitandani kwangu, akauliza ninasoma nini, nikamsimulia kitabu kizima, naye akanisikiliza mimi tu. Zamani ukizungumza naye ulikuwa unajua kuna mwingine anazungumza naye pia, na huyo mwingine ndiye anayesikilizwa. Kesho anaweza asikumbuke hata jina la kitabu. Lakini leo alikuwepo.

Siwezi kuruhusu wasimamishe.

Jumatano, 25 Machi

Nimefanya jambo. Nitaliandika kama lilivyo.

Niliketi na Kaka kwenye kibaraza, nikamwambia tufanye mazoezi ya kichwa. Nilikuwa na orodha ya pili kwenye karatasi, ile ya daraja na limau, ambayo ingefika Ijumaa. Niliipanga kwa alfabeti, kwa sababu mimi mwenyewe hujifunza hivyo, na kitu kilichopangwa hakipotei ovyo. Birika, daraja, farasi, kamba, limau. Tukaimba kama watoto wa chekechea. Baada ya nusu saa alikuwa amesahau kwamba tumefanya mazoezi, lakini nikianza na birika anaendelea mwenyewe. Jana nilifanya naye mara tatu, leo mara tano. Kesho nitafanya mara nyingi zaidi.

Hakuniuliza nimeyatoa wapi. Alinitazama tu kidogo, kisha akasema, "Sawa, Profesa."

Ijumaa, 27 Machi

Tisa. Kwenye benchi nilimnong'oneza birika, basi.

Sista Saa alitazama saa yake, akatazama karatasi, akanitazama mimi. Daktari alimpigia Mama simu kumpa habari njema, na Mama akalia huko huko kazini, wenzake wakadhani amefiwa.

Jumatatu, 30 Machi

Matokeo ya mtihani wa kemia. Nimepata kuliko wote. Sikufurahi.

Ijumaa, 3 Aprili

Kumi na moja kati ya kumi na tano. Chumvi, dirisha, kikapu, moja baada ya lingine kama shanga kwenye uzi. Nilikuwa nimeketi nyuma yake, midomo yangu inacheza, nikaibana kwa meno.

Daktari alisema hajaona matokeo ya namna hii mara nyingi: sauti zimenyamaza na kumbukumbu imepanda juu ya pale ilipoanzia. Kaka akauliza kama anaweza kurudi kazini. Nilidhani Daktari angekataa. Akatazama namba zangu, maana ni zangu, akaandika barua kwamba anafaa kwa kazi nyepesi siku ambazo hana tiba.

Nilifungua mdomo. Kaka alikuwa anaikunja ile barua katikati kwa ukucha, sawasawa kabisa, kama wanavyokunja karatasi mafundi. Nikafunga mdomo.

Jumatatu, 6 Aprili

Ameenda kazini. Mama alimpigia pasi shati mara mbili.

Alhamisi, 9 Aprili

Leo nimeruka shule kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo.

Saa tano asubuhi mvua ikiwa imetulia, bosi wa Kaka alikuja na kitabu ndani ya mfuko wa nailoni. Ni mzee mfupi ambaye vidole vyake havijawahi kutakata, na mtaa mzima humwita Gundi. Mimi nilikuwa najiandaa. Kaka alikuwa amelala. Jana alirudi mapema bila kueleza. Gundi alisema hakuja kugombana. Akakiweka kitabu mezani, akaniambia, "Wewe ndiye msomaji, soma."

Nilikifungua. Jalada lilikuwa zuri, mgongo umenyooka, mishono imelingana. Ilikuwa ripoti ya chuo fulani. Nikasoma mpaka ukurasa wa arobaini na nane, nikafunua, nikakuta ukurasa wa thelathini na tatu. Kurasa zile zile zikarudi upya, na baada ya hapo kitabu kikaruka mpaka sitini na tano.

Gundi alinieleza jinsi inavyokuwa. Karatasi kubwa hukunjwa kuwa mafungu ya kurasa kumi na sita, na kila fungu lina rundo lake. Marundo hupangwa kuizunguka meza ndefu, na fundi huizunguka meza akiokota fungu moja kutoka kila rundo mpaka arudi alipoanzia. Mzunguko mmoja, kitabu kimoja. Wengine hutazama namba za kurasa. Kaka hakuwahi kutazama. Miguu ilikuwa inajua, alisema Gundi, alikuwa anazunguka huku anapiga mluzi, na katika miaka minne hakukosea hata kitabu kimoja. Safari hii vitabu vilikuwa arobaini. Ishirini na sita viko kama hiki. Vina fungu moja mara mbili na lingine halimo kabisa, na vyote vimeshashonwa na kugandishwa. Mwenzake aligundua jana. Kaka alipoonyeshwa aliuliza ni nani aliyevishona.

"Barua ya daktari ilisema yuko sawa," Gundi alisema. "Mimi ningempa kazi ya kukata uzi tu, aanze pole pole. Barua ndiyo iliyonidanganya."

Nilimpa kiti ambacho alikuwa ameshakikalia. Sikujua la kufanya na mikono yangu. Alipoondoka alikiacha kitabu, akasema kwamba nafasi ya kijana ipo, haina haraka.

Kaka alikuwa amesimama ukumbini. Sijui alikuwa pale tangu lini. Aliketi mahali pa Gundi, akakifunua kile kitabu mara mbili tatu, akapapasa mishono.

Nilimwambia kila kitu. Nilimwambia maneno yale si mazoezi, kwamba ni ya mtihani, kwamba orodha ni mbili na mimi nazijua zote, kwamba barua imetoka kwangu na si kwa Daktari. Niliyasema nikitazama meza. Nilipomaliza, alikifunga kile kitabu.

"Maneno nilikuwa nayasahau," alisema. "Kwamba tunaiba, hilo sikulisahau."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Akaniuliza na mimi kwa nini sikusema. Kisha tukacheka, vibaya, kama watu waliokutwa juu ya mti wa jirani.

Akanieleza. Alisema mimi sijui raha ya kufungua bomba ukasikia maji. Alisema aliogopa kama nilivyoogopa mimi, pengine zaidi, maana sauti alizisikia yeye. Lakini Jumatatu, akiizunguka ile meza, alijikuta amesimama na mafungu matatu mkononi na hajui alianzia wapi. Akaanza upya. Akajikuta amesimama tena. Kuuliza aliona aibu, na barua ilisema yuko sawa, basi akaamini barua.

"Sasa niambie wewe, Profesa. Ni umeme ulionifanya hivi? Au ni ugonjwa? Au ni ile dawa? Au ndivyo nilivyo siku hizi?"

Niliona ghafla kwamba mtu pekee aliyeweza kulitafuta jibu ni Daktari, na nimemziba macho kwa mikono yangu miwili, nikidhani namsaidia Kaka. Wiki mbili za kipimo zimekuwa takataka. Hakuna awezaye kusema alikuwa wapi wakati nilipokuwa nikimjaza maneno.

"Tangu mwanzo," Kaka alisema, "Mama anamuuliza Daktari, Daktari anamjibu Mama, Mjomba anatia utani, wewe unaandika. Nikisahau, nasahau mimi. Nikisikia, nasikia mimi. Kama ni kubadilishana, nataka nijue natoa nini."

Ilibidi nitoke nje kidogo. Nimekuwa nikijihesabu kuwa mtu pekee humu ndani anayemwona Kaka, kumbe nami nilikuwa namtazama juu ya bega lake, kama Sista anavyotazama saa.

Mama alirudi, tukamweleza. Hakunifokea, na ingekuwa nafuu kama angefoka. Alikichukua kile kitabu, akakigeuza geuza, akasema kimeshonwa vizuri.

Ijumaa, 10 Aprili

Mama ameomba ruhusa kazini, lakini nilimwomba aniache niseme mwenyewe. Nilimkuta Sista Saa anapanga karatasi. Nilisimama mbele yake kama siku ile ya kidato cha kwanza. Nilisema, "Sista, majibu ya Ijumaa mbili zilizopita si ya Kaka. Nilimfundisha."

Aliweka karatasi chini. Alifungua droo, akatoa bahasha iliyofungwa, akaiweka mezani kati yetu.

"Wiki iliyopita kaka yako alinitajia maneno kutoka chumvi mpaka mwisho kwa mpangilio wa alfabeti," alisema. "Nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii, na sijaona mgonjwa anayekumbuka kwa alfabeti. Nikasema, hapa kuna kamusi imeingia chumbani."

Alikuwa ameagiza orodha mpya na ilifika Jumanne. Alikuwa amemwomba pia Daktari aipime kumbukumbu upya leo kabla ya kuamua lolote. Nilimwuliza kwa nini hakunishika siku ile ile. Alisema hakuwa na hakika, na kwamba naye ana mdogo wake. Hakueleza zaidi. Nilimwona mara ya kwanza, nadhani. Ana makunyanzi ya kicheko pembeni mwa macho, na saa anaitazama kwa sababu dakika ishirini zikizidi hata moja kipimo kinaharibika na mgonjwa ndiye anayepunjwa.

Daktari alikuja akasikiliza. Alisema barua ataifuta yeye mwenyewe na atazungumza na Gundi, kwa kuwa kosa la kuandika ni lake, alitaka matokeo yale yawe kweli. Hakunipa pole wala hakunikaripia. Alianza kumweleza Mama njia zilizopo: kusimama kabisa, kupunguza iwe mara moja kwa wiki, au kuhamisha umeme upitie upande mmoja wa kichwa, ambao hauumizi kumbukumbu sana lakini huenda usizibane sauti vilevile.

"Daktari," Kaka alisema, "niulize mimi."

Daktari akageuza kiti chake kizima, si kichwa tu, akamtazama Kaka, akaanza upya tangu mwanzo. Walizungumza muda mrefu. Kaka aliuliza kama kuizunguka meza kutarudi. Daktari akasema kwa wengi hurudi, hawezi kuahidi. Kaka akauliza kama sauti zitarudi. Daktari akasema inawezekana. Kaka akasema leo hataki umeme. Anataka apimwe kwanza, kwa haki, na akishajiona alipo ndipo ataamua kati ya upande mmoja na kupumzika. Mama alishika mkoba wake kwa mikono miwili.

Sista akaichana bahasha. Akaniuliza kama nitaketi nyuma yake kama kawaida. Kabla sijajibu, Kaka alitikisa kichwa.

"Leo nitaketi mwenyewe," alisema. "Nenda kasome."

Nilitoka na Mama, nikaufunga mlango. Mama aliketi kwenye benchi la pale pale. Kutoka benchi hilo husikika kila kitu. Najua, nimelikalia wiki tano. Sauti ya Sista ilianza, ile isiyopanda wala kushuka, nikalisikia neno la kwanza kabla sijaziba masikio. Nikasimama. Nikatembea mpaka mwisho wa korido, nikashuka ngazi, nikatoka nje kwenye kibaraza cha wageni ambako mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba mtu asingesikia hata akiitwa jina. Nilisimama hapo na daftari la kemia kifuani mpaka dakika ishirini zikaisha.